Posho na Chai

Msimu uliopita tulimbeba Layet
juu ya mlango wa choo cha uwanjani,
maana machela hatukuwa nayo
na mtulinga wake ulikuwa umekatika kama bua la mtama.

Mimi ndiye niliyemvunja.
Si kwa mkono. Kwa pasi.
Mimi ni namba tisa, nauchomoa mpira chini ya rundo la miili,
na siku ile kila nilichochomoa nilimpa yeye,
kwa kuwa ana mguu, kwa kuwa ana jicho,
kwa kuwa ni raha kumtazama mtu akifanya kitu anachokijua.
Wasichana wa Kampala wakaacha kuutazama mpira.
Wakamtazama yeye tu.

Afande Asekenye hafundishi raga kwa ubao.
Ni mtunza ghala wa kambi ya polisi hapa Gulu,
huhesabu magunia hata usingizini.
Aliniingiza ghalani, akarudisha mlango, akasema:
"Sukari hii, kilo nne. Posho ile, magunia sitini.
Kambi hailishwi kwa sukari.
Igawe kila asubuhi, Jumatano watu watakunywa maji ya moto,
na panya watakuwa wameshajua rafu ni ipi."

Basi posho ikawa mpira kwa Aryemo,
au kwa Candiru, namba nane wetu:
kichwa chini, magoti juu, hatua mbili za udongo mwekundu,
anguka, amka, tena.
Na chai ikawa pasi ndefu, nyuma, kwa Layet.
Tuliita kwa Kiswahili chetu cha kambini,
wanachoombea chumvi Mlugbara na Mwacholi,
na kutukanania, bila mkalimani.
Wa Kampala, tulidhani, watasikia kelele za askari.

Posho. Posho. Posho. Chai.
Afande akapuliza filimbi mpaka macho yakamtoka:
"Tatu na moja, tatu na moja! Wewe ni saa ya ukutani?
Adui naye amesoma hesabu!"
Nikajifunza kutohesabu.
Nikajifunza kusikiliza namba saba wao anavyovuta pumzi
kabla ya kukurupuka.
Akiegemea nje, posho.
Akiinama kumsubiri Candiru,
akipandwa na hasira ya kukanyagwa mara tano palepale,
hapo ndipo chai, ya moto, sasa hivi,
na Layet anapata nafasi ya kuinua kichwa,
sekunde moja na nusu,
utajiri mtupu.

Siku ya marudiano, kipindi cha pili,
namba saba huyo, mrefu, ana kovu kwenye nyusi,
akanisogelea akicheka:
"Chai bila sukari, dada?"
Kiswahili kilichonyooka. Baba mwanajeshi, Nakasongola;
alilelewa chini ya mabati kama yetu.
Alikuwa ametusikia tangu dakika ya kwanza.

Nikamtazama Layet. Layet akajigusa bega,
lile, kwa kidole kimoja.
Nikapaza sauti: "Chai! Chai!"
Namba saba akafyatuka kumfuata,
nami nikampa Aryemo,
Aryemo anayelima peke yake ekari mbili za simsim,
akapita kwenye pengo ambalo bado lilikuwa na joto
la mwili wa aliyeliacha.
Trai.

Tulifungwa hata hivyo. Kumi na saba kwa kumi na tano.
Candiru alitapika kando ya mstari.
Aryemo ana meno mawili yanayocheza.
Hilo halisemwi sana:
anayelindwa hulindwa kwa mwili wa mtu.

Layet alitoka uwanjani kwa miguu yake,
viatu mkononi, jezi safi kiasi cha kuudhi,
akaupita ule mlango wa choo, uliokwisharudishwa kwenye bawaba,
akaja kunigombeza:
"Leo umeninyima. Mipira minane tu."

Nilikuwa nimehesabu, Afande anisamehe.
Ilikuwa kumi na mmoja.
Sikumwambia.