Ukimya wa Jikoni

Paisley, Novemba. Saa kumi, na giza limeshabisha hodi.
Ruaridh akasogeza kamera
hadi mikono ya Bibi Senga ikajaza fremu:
vidole vilivyofunga nyuzi kiwandani miaka thelathini na mmoja
sasa vinabandua lebo ya chupa ya maziwa.
Uso hatuuoni. Uso ungesema mapema.

Mahojiano yakaisha. Nikainua kiganja:
"Msitikisike. Nusu dakika, narekodi chumba."
"Chumba kinasema nini?"
Sikumjibu. Masikioni mwangu
friji ikiguna, bomba likimeza mate,
mvua ikipapasa dirisha kama mtu aliyesahau funguo,
na pumzi yake, yenye mkwaruzo wa vumbi la pamba.

Usiku nahariri. Nimekata pale alipokohoa,
nikaunga neno kwa neno. Mshono ukaonekana,
sikio likajikwaa.
Nikauleta ukimya ule, nikautandaza chini ya pengo,
sentensi ikatembea kana kwamba haikuvunjika.
Nilipomweleza kwa simu alicheka hadi akakohoa tena:
"Kumbe na wewe ni wa kiwandani!"

Jana mwanawe ameniandikia, mistari miwili.
Nyumba imerudishwa kwa halmashauri. Friji wameibeba.

Nina sekunde thelathini za jiko lile.
Filamu ilihitaji nne.
Nimeziweka zote, mwishoni, picha ikiwa nyeusi.
Watu watadhani mitambo imeharibika,
watageuka kumtazama fundi.
Wageuke.