Mfuko wa Saba

Kutoka mlangoni hadi kijia cha chini
ni mita moja na sentimita themanini za udongo mwekundu.
Nimepima mara tatu kwa kamba yenye jiwe,
kwa sababu mara ya kwanza jiwe liliteleza
nami nikateleza nalo.

Hapa Cimpunda kila kizingiti
kiko juu ya paa la mtu.

Fundi Murhula anasema vidato tisa,
ishirini ishirini kwenda juu:
utaokoa simenti, dada, utaokoa mbao.
Anaandika kwa penseli nyuma ya pakiti ya sigara.
Mama hajibu. Anainuka kwenye kigoda,
anapandisha mguu juu ya tofali lililolazwa,
kisha juu ya lililosimamishwa,
anashika goti kama mtu anayefunga mlango usiobana.
"Kumi," anasema. "Goti limesema kumi."

Basi kumi. Kumi na nane kila kimoja,
pa kukanyagia thelathini, upana mita moja.
Nimefungua daftari la mtoto, kurasa za nyuma.
Vidato ni pembetatu, kila moja nusu ya mstatili;
bamba la chini, unene kumi na mbili;
jumlisha, ongeza cha kumwagika,
maana zege halina adabu kwenye mteremko:
robo tatu ya mita ya ujazo.
Mifuko sita ya simenti.
Ndoo ishirini za mchanga wa Ruzizi,
thelathini za kokoto,
nondo, waya wa kufungia, misumari kilo mbili,
mbao za kukodi, zirudi zimekwanguliwa.

Maji sikuyaandika.
"Andika maji," mama akasema.
"Bomba huja usiku, siku likitaka kuja.
Madumu kumi, na mtu wa kukesha."

Anajua. Miaka ishirini na miwili
alipandisha mchanga wa ngazi za wengine,
mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso.
Mimi naandika kilo hamsini;
yeye anasoma Nyawera hadi hapa, jua la saa saba,
na mahali pa kupumzika ambapo hapapo.
Kamba ilimwachia mfereji mwembamba juu ya nyusi.
Akiosha uso, maji husimama pale kidogo
kabla ya kushuka.

Tulikuwa tumekwisha kufunga hesabu
Mama Cibalonza alipopanda kutoka chini,
viatu mkononi, tope hadi kwenye vifundo.
Hakuja kugomba. Aliuliza tu:
"Na mvua, mmeiandikia wapi?
Udongo hunywa kidogo. Hiyo beto yenu haitakunywa kitu.
Mimi tayari hukesha na jembe na taa
kila mbingu zikinguruma."

Fundi akatazama penseli yake.
Nikatazama jumla, niliyoipigia mistari miwili
kwa rula, kwa majivuno.
Dola za mfuko mwingine hazikuwamo humo,
wala mita sita za kuchimba pembeni,
wala mawe ya kuzibia.

Mama ndiye aliyechukua kalamu.
Herufi zake huegemeana kama nyumba zetu.
Akaandika: *saba*.
Kisha akafuta reli ya kushikia.
"Mwakani," akasema. "Ukuta nao una mkono."

Tulimwaga Jumamosi, tangu alfajiri,
karai kwa karai, kuanzia kidato cha chini,
fundi akigonga mbao kwa nyundo ili hewa itoke.
Tukafunika kwa magunia, tukayalowesha siku saba.
Siku zote hizo mama alipita kando, kwenye tope lake la zamani,
akiyakwepa magunia kama anayepita kwa mtoto aliyelala.

Mvua ilikuja siku ya tisa, usiku.
Tuliamka wote, hakuna aliyesema.
Maji yalifika juu, yakatafuta,
yakakuta mfereji,
yakaanza kushuka humo kwa sauti ya mtu anayesoma haraka.

Nilichungulia dirishani.
Kule chini taa ya Mama Cibalonza iliwaka,
ikazunguka nyumba mara moja,
ikazimwa.