Kitenzi Kisicho na Ngeli

Kule Brno, ghorofa ya tatu, kampuni ya mvuke
upashao joto nyumba za watu theluji ikianguka,
Bořivoj Hanzlík ametimiza miaka kumi na tisa
ndani ya lugha ambamo kila kitu kina ngeli:
bomba lina yake, mita ina yake,
mdaiwa, deni, hata tarehe ya deni.
Kitenzi peke yake hakikuwa na pasi ya kutembea.
Ukitaka kutuma "linganisha", neno moja tu,
ulikijengea nyumba, ukabandika jina mlangoni,
nacho kikakaa ndani kimekunja magoti
kikingoja kuitwa.

Halafu likaja toleo la nane.
Zdislava, miaka ishirini na sita, mafua yasiyokwisha,
alivuta kiti, akafuta kitanzi chake cha mistari arobaini,
kile cha i ianziayo sifuri,
i iongezwayo moja moja
kama mtu ahesabuye ngazi gizani.
Akaweka minne.
Mita. Nukta. Chuja. Nukta. Geuza. Nukta. Jumlisha.
Na katikati mshale mdogo:
hiki kikiingia, hiki kitoke.

"Jina lake nani hiki?"
"Hakina jina."
"Na kikikosea usiku, nikiite nani?"
Zdislava akapenga kamasi.

Nakiri, mimi niandikaye haya nilimcheka.
Sisi tusemao kulala kwake, kucheka kwenu, kufa kwetu,
vitenzi tulivipa ngeli ya KU zamani,
vikaketi mezani na majina
pasipo kungoja toleo lolote.
Lakini sijawahi kuamshwa saa nane za usiku
na bili ya mvuke.

Yeye aliamshwa. Februari, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Jumla ya mtaa wa Cejl ilibadilika kila ilipopigwa:
korona mia nane na kumi na mbili elfu,
dakika moja baadaye mia nane na tisa,
kisha mia nane na kumi na moja.
Zdislava alikuwa ameugawa mkondo kwa mikono minane
ifanye kazi sambamba,
na mikono yote minane ilikuwa ikiandika
ndani ya kisanduku kimoja kikuukuu, celkem, yaani jumla,
alichokiunda Bořivoj mwenyewe mwaka wake wa kwanza,
enzi mkono ulikuwa mmoja.

Hapo alielewa, na hakumwambia mtu:
ufupi haukuwa habari yenyewe.
Habari ilikuwa mikono.
Pokea, geuza, toa;
usiguse kilicho nje ya kiganja chako.
Na yeye kazi yake yote ameijenga juu ya kugusa.

Kidole kilisita juu ya kitufe cha kufuta
muda wa birika kuchemka.
Kisha akaandika mshale wake wa kwanza:
kushoto a na b,
kulia a kujumlisha b.
Hakuupa jina.
Jumla ikatoka. Akaipiga tena, ikatoka ileile.
Akaipiga mara ya tatu, si kwa shaka,
bali kama mtu arudiaye kufungua na kufunga
mlango uliokuwa ukikwama.

Asubuhi Zdislava alikuta maelezo chini ya badiliko:
*Nimeondoa celkem. Niliiweka mimi.
Usinywe chai ya birika, nimechemshia mayai humo.*