Fundi wa Matundu

Tabernas, kusini mwa Uhispania, mwaka ule wa vumbi,
walijenga mji wa mbao kwa siku tisa:
baa, kanisa, benki, ofisi ya sherifu.
Ukifungua mlango wa benki, unatokea jangwani.

Mimi Casilda nilipewa cherehani chini ya turubai,
kazi yangu kuziba matundu.
Shati lililouawa asubuhi
lilihitajika likiwa hai saa nane.

Kaka yangu Eufrasio alikufa mara kumi na moja kiangazi kile.
Alidondoka kutoka paa la benki juu ya nyasi kavu,
akalipwa kwa kila mdondoko, na supu ya dengu juu yake.
"Leo nimekufa vizuri," husema, akifuta rangi shingoni,
"nimekufa bila kupepesa."

Bastola yake ilikuwa ya mti, imepakwa masizi.
Ya shujaa ilikuwa chuma, nayo ililia.
Ndivyo tulivyowajua wema:
kofia safi, mkono mwepesi.
Na risasi ile, Mungu wangu,
risasi iliyojua kusoma!
Ilipita katikati ya mbuzi, watoto na mjane,
ikamtafuta mwovu kwa jina lake.

Nazipenda filamu zile, sitadanganya.
Jumapili mjukuu wangu Ginés huniwekea moja,
nami hukaa nikingojea mashati.
Lile la buluu, kola imechanika: langu.
Kiraka kile cha begani: usiku wa manane, nina mafua.

Juzi akauliza, mdomo umejaa mbegu za alizeti,
"Bibi, utamjuaje mwema kabla hajafyatua?"

Nilikuwa na miaka sita.
Shati la baba lilirudi peke yake,
limekunjwa vizuri; aliyelikunja alikuwa na adabu.
Matundu matano. Yote mgongoni.
Hakuna aliyehesabu hatua kumi barabarani,
hakuna aliyemsubiri mwenzake aguse kiuno.
Waliomchukua walikuwa na kofia safi,
wepesi wa mkono.
Mmoja wao aliniuzia nyuzi miaka thelathini,
tukijuliana hali, akinipunguzia bei.

Mama hakuliziba shati lile.
Alilifua, akalianika uani,
na upepo ulipolivaa
likajaa kifua, likajaa mikono,
kisha likanywea.

Sikumwambia Ginés hayo.
Nilimwambia, "Nyamaza, tazama,
sasa Eufrasio anaanguka."
Na kweli akaanguka, mikono ameitanua
kama mtu anayelakiwa nyumbani,
mara yake ya saba, au ya nane.
Shujaa akapuliza moshi, akageuza farasi.
Wengine huona hapo ndipo mwisho.

Mimi hungoja kidogo.
Pembeni, kushoto, kabla picha haijakatwa,
ukikaza macho utamwona:
maiti anajikuna pua.