Tulisahau Chumvi

Jumamosi asubuhi, Riruta, manyunyu.
Nimesimama kwa Mama Nyanchoka na mkebe mtupu wa siagi.
"Nipimie githeri, vikombe vinne.
Leo tunalala msituni, mimi na watoto wa dada."
Akacheka mpaka upawa ukamwaga mahindi.
"Mna nyumba, mna stima, halafu mkalale nje?"
Akaniongezea kikombe cha tano, cha huruma.

Sukuma nimekatiwa palepale, nyembamba kama uzi,
ikafungwa kwenye gazeti.
Vitunguu viwili. Nyanya tatu ngumu, za kuvumilia mkoba.
Chapati sita za jana (chapati ya jana haina aibu,
ipashe juu ya kifuniko, itakumbuka ujana wake).
Mayai niliyachemsha usiku, nikayavika soksi za Mumbua
yasigongane njiani.
Avokado mbili: moja ya leo, moja ya kesho,
nimezibonyeza kwa kidole gumba kama daktari.

Basi. Hiyo ndiyo karamu.
Anayekwenda porini na kinu, mbuzi ya nazi
na binzari za aina tatu
hajaenda porini, amehamisha jiko.

Msitu wa Ngong Road ulitupokea kwa matope.
Hema lilikataa kusimama mara mbili.
Nyuma ya miti malori yalikuwa yakibadilisha gia,
na giza lilipoingia perere akaanza kulia juu ya mti
kama mlango wa chuma unaoburutwa.
Kyalo, miaka saba, akauliza nani amesahau kuzima king'ora.

Mtungi mdogo wa gesi, sufuria moja,
mafuta ndani ya chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi.
Kitunguu kikaanza kusema.
Nyanya zikamjibu.
Githeri ikaingia, sukuma juu yake, kifuniko,
dakika tano kwa hesabu ya Mumbua,
ambaye akiwa na njaa huruka namba.

Kijiko cha kwanza. Tukatazamana.
"Mama mdogo," akasema Kyalo kwa adabu zote,
"ni tamu, lakini haijafika."

Nikapekua mkoba kwa tochi:
viberiti vitatu, plasta, kamba, vijiti vya meno,
hata kitambaa cha kufutia miwani nisiyoivaa.
Chumvi, hapana.

Ilibidi twende kwa askari wa zamu, Bwana Makokha,
kibandani kwake karibu na lango.
Akafungua karatasi iliyokunjwa mara nne,
ukurasa wa mechi, timu zimezungushiwa kalamu,
na ndani yake chumvi, kama kucha mbili hivi.
"Hii ni ya muhogo wangu wa saa nane usiku," akasema.
"Chukueni nusu."

Nusu ile tukaila pamoja naye.
Alikaa juu ya jiwe, akikata chapati kwa vidole,
akatafuna taratibu, akanyamaza, akatafuna tena.
"Githeri hii imechemshwa na mtu asiye na haraka," akasema.
"Ona mahindi yalivyofunguka."

Nikafumba mdomo.
Njia nzima nilikuwa nimejisifu: dakika ishirini, sufuria moja!
Na kumbe saa tisa usiku, mimi nikiwa chini ya blanketi,
kuna mtu Riruta alikuwa amechutama nje kwenye manyunyu
akipuliza makaa, akiongeza maji, akionja,
akiongeza maji.
Huyo halali nje kwa matembezi.
Mimi nilikuja tu kumalizia sentensi yake,
na hata nukta nikaiazima.

Jumapili jioni Kyalo alikimbia kumpelekea
yai moja lililobaki, lingali ndani ya soksi.
"Kulikuwa na baridi huko?" akamuuliza.
"Kidogo. Lakini tulisahau chumvi."
Mama Nyanchoka akashika kiuno,
akacheka,
mahindi yakamwagika tena.