Kurasa Kumi na Nne

Nilikinunua Mwembe Tayari kwa shilingi thelathini,
hakina jalada, hakina jina la mtungaji,
kinanuka mafuta ya taa na vitunguu.
Yaliyomo yalisema hadithi yaishia ukurasa wa 212.
Changu kilikatika 198,
pale Nahodha Sarmadi, mitambo imezimika,
anapokitazama chombo chake kikipunguza mwendo,
kikipunguza,
hata kikasimama tuli kati ya nyota mbili.

Basi. Uzi mtupu na gundi kavu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nililia
kama mtu aliyefiwa. Mama akadhani nina malaria.

Jumatatu yake, kwenye feri ya Likoni,
nimebanwa kati ya baiskeli na tenga la kuku,
injini zikanyamaza kabla hatujafika ng'ambo
na feri haikusimama.
Ikaenda. Bila kusukumwa na mtu, ikaenda,
malori, abiria, kuku na mimi,
mpaka maji yalipoichosha.
Nikajiuliza: na huko kwa Sarmadi
maji yako wapi?

Mwalimu Mbeyu hakucheka. Alipangusa chaki viganjani,
akasema, "Nenda Kibokoni ukatazame keram.
Usiwatazame wachezaji. Tazama unga."

Ubao mkavu: kete iliburura miguu, ikafia katikati.
Mselem akanyunyiza unga. Kete ile ile, kidole kile kile,
ikateleza kama siri mdomoni mwa mmbea,
ikagonga ukingo, ikarudi, bado ina hamu.
Nikauondoa ukingo, kichwani.
Nikaongeza unga, kichwani, hata ubao ukatoweka.
Kete haikurudi. Nadhani ingali yaenda.

Kumbe mwandishi alinidanganya!
Na uongo wake ndio ulionifungulia mlango
ambao kitabu cha darasani
kilikuwa kimeubandika ratiba ya mtihani.

Chombo hakikusimama. Shida ya Sarmadi ilikuwa nyingine:
kusimama angetamani, na kugeuka,
lakini hana pa kukanyaga, hana maji ya kupiga kasia.
Nikapanda mkokoteni wa Kalama
ulioegeshwa kwenye saruji laini nyuma ya soko la Kongowea,
nikarusha dafu mbele kwa nguvu zangu zote.
Mkokoteni ukarudi nyuma, nusu hatua.
Nikarusha la pili.
La tatu lilipasukia miguuni pa mwenyewe.

Nililipa madafu kwa kuosha mkokoteni wiki nzima,
lakini usiku ule Sarmadi alivua viatu vyake vya chuma,
akavitupa, kisha nyundo, kisha sufuria, kisha shajara,
kila alichokipenda akikitupa upande asikokwenda,
nami pembeni napiga hesabu kwa penseli:
tungamo mara mwendo, tungamo mara mwendo.
Kurasa kumi na nne za daftari la miraba.
Alifika kwao miguu mitupu.

Siku hizi nahakiki mizani bandarini Kilindini.
Makontena yananing'inia, nami nawaeleza vijana wa kreni
kwamba uzito ni mmoja na tungamo ni jingine,
mwezini mngeona.
Wananiita Profesa Gramu.

Mwaka jana nikakipata kizima
kwa mwana wa muuzaji yule yule. Mia mbili hamsini.
Nikasoma nimesimama, juani.
Ukurasa wa 199: Sarmadi anaamshwa na mamake.
Alikuwa akiota.
Kurasa kumi na tatu zilizosalia, anakunywa chai.

Nikalipa. Kwenye feri nikazing'oa, moja moja, polepole,
nikampa muuza njugu aliyeishiwa na karatasi.

Injini zikanyamaza.
Hatujafika bado. Tunakwenda.