Petali ya Nne

Umeme ulikatika ua likiwa na petali tatu.
Mwanamgeni hakusonya.
Akazungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja,
tundu baada ya tundu, uzi wa zambarau.

Kiraka hiki kanga ya mamake,
jina limekatwa na mkasi: "Usinione nime—"
Kile mfuko wa suruali ya marehemu,
bado wanuka katani.

"Mfarishi huo wamuuzia nani?"
jirani aliuliza dirishani.
"Simuuzii mtu."
"Sasa nakshi zote hizo za nini,
na joto hili la Ngamiani?"

Akakata uzi kwa meno.
Petali ya nne imepinda,
haifanani na zenzake.
Alitaka kuifumua.
Akaiacha.

Usiku, gizani,
vidole vyake huitambua hiyo kwanza.